Fimbo Moja, Maji Matatu

Jumapili, 2 Machi

Tumekula mchana kwa baba mkwe. Baada ya chakula Mzee akatuita uani, mimi na mwanyumba wangu, yaani yule daktari wa meno aliyemuoa dada wa mke wangu. Humu ndani nitamwita Meno. Nje ya humu namwita ndugu yangu, kwa kulazimishwa.

Mzee alikuwa mhandisi wa madaraja. Sasa amestaafu na anavua trauti, wale samaki wa maji baridi, kwa fimbo nyembamba na chambo cha nzi bandia anaowatengeneza mwenyewe kwa manyoya na uzi. Akasimama penye nyasi akarusha mshipi bila ndoana, kutuonyesha tu. Jamani! Mkono ulipanda kidogo, ukashuka kidogo. Mshipi ukajikunjua hewani taratibu, ukatua juu ya jani alilokuwa amelitaja. Jani halikutikisika! Mimi baba yangu sikumjua. Nikimtazama mzee huyu huwa natamani aniite nimshikie kitu, chochote.

Kisha ikaja habari yenyewe. Macho yamemchoka, hawezi tena kupitisha uzi kwenye tundu la ndoana. Anataka mkwe wa kufuatana naye mtoni kila Jumamosi, msimu mzima. Mkwe mmoja! Jumamosi hii twende wote wawili atupime. Kila mtu aje na fimbo yake, tena moja tu. Asubuhi tutavua kijito chembamba chini ya miti, mchana bwawa la mtoni, jioni ziwa lenye upepo. Akasema anayejua kuchagua fimbo moja ya kufaa maji yote matatu, huyo anajua kufikiri.

Meno akasema atajitahidi. Mimi nikasema nimevua tangu utotoni. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Mke wangu alikohoa.

Jumatatu, 3 Machi

Kengele ya mwisho ilipolia tu, mbio hadi duka la vifaa vya uvuvi. Muuzaji ni mama mmoja mtaratibu, miwani imefungwa kamba shingoni. Hakuuliza nina kiasi gani mfukoni. Aliuliza navua samaki gani, maji ya namna gani, upepo upo? Nikamweleza. Akashusha fimbo moja tu: futi tisa, namba tano. Akanipa niitikise. Ilipinda katikati, ikarudi, ikatulia. Kitu kizuri mno! Nilihisi mkono wangu umesoma. Akasema kwa trauti, mwenye nafasi ya fimbo moja achukue hii. Kijitoni ni nyepesi, ziwani haishindwi na upepo.

Lakini namba tano! Mimi ni mwalimu. Nimesahihisha mitihani mpaka vidole vimepinda. Tano kati ya kumi ni mtoto wa kuitiwa mzazi. Nisimame mbele ya baba mkwe na tano yangu mkononi? Nikamshukuru mama wa watu, nikasema naenda kutafakari. Kwanza nijue Meno anachukua ngapi.

Jumatano, 5 Machi

Mbinu ya leo ilikuwa ya hali ya juu. Nimekwenda kliniki kwa Meno nikijifanya naumwa jino, ili nimchokonoe. Kosa dogo: kwenye kile kiti mwenye mdomo ni mmoja. Yeye alinichokonoa mimi! Huku kanijaza vyuma na pamba, akanisimulia kwa raha zake kwamba ameshajipatia namba nane, kwamba mtu mwenye nia hachukui chini ya hapo, na kwamba anasikitika sana kwa watakaoshindwa. Mimi nikajibu "aaah". Akasema anashukuru kwa pongezi.

Halafu akalipata tundu. Tundu la kweli! Nilikwenda na jino zima na uongo mmoja, nimerudi na nusu ya uso imekufa ganzi. Lazima nikiri, mikono ya mshenzi yule ni laini sana. Sikusikia hata sindano. Inaudhi.

Alhamisi, 6 Machi

Nane? Mimi nimenunua kumi!

Nilipita dukani asubuhi kabla ya vipindi, na mama wa duka aliniuliza mara mbili kama nakwenda baharini. Nikamwambia maisha ni safari. Akajaribu kunieleza kwamba namba ile ni ya uzito wa mshipi unaorushwa na fimbo, si cheo cha fimbo. Nikatabasamu kama mtu ayajuaye hayo. Wafanyabiashara nao lazima waseme kitu. Fimbo yenyewe ni nene, imenyooka, haipindi hata ukiibembeleza. Nimependa msimamo wake.

Mapumziko ya mchana nilifanya mazoezi nyuma ya ofisi ya walimu. Mrusho wa kwanza haukwenda popote. Wa pili ulikwenda kwenye kamba ya bendera. Nilipovuta kwa nguvu, bendera ikashuka ikaganda nusu mlingoti. Walimu wakatoka wakaanza kuulizana nani amefariki. Mkuu wa shule, mwanamke mwenye uamuzi wa haraka, akaita watoto wote paredi tukasimama kimya kumkumbuka marehemu. Nilisimama mstari wa mbele, fimbo nimeificha mgongoni. Nilihuzunika sana. Hadi jioni walikuwa hawajampata marehemu.

Ijumaa, 7 Machi

Mke wangu amempigia dada yake simu, wamecheka muda mrefu. Nilisikia neno "kumi". Andika hapa: mke wangu hana kasoro nyingine.

Jumamosi, 8 Machi

Nimerudi. Nimelowa. Nina furaha. Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri kwa Mzee. Meno akashuka garini na namba kumi na mbili! Alikwenda kubadilisha! Mtu mzima, daktari, anashindana na shemeji yake kwa ufito! Aibu nimeiona mimi kwa niaba yake. Tukasimama tumeshika fimbo zetu kama mafundi waliokuja kuinua nguzo za umeme. Mzee alitutazama, akauliza kama kuna nyangumi ameonekana. Kisha akachukua yake, akatangulia.

Kijitoni. Fimbo yangu iliingia kwenye matawi ikakaa humo. Nilipoichomoa ilitoka na kiota, kitupu, namshukuru Mungu. Meno akarusha, mshipi ukapiga maji paa! Nadhani trauti wote walihamia wilaya nyingine. Mzee alisogea mbele kidogo, akapiga goti chini ya tawi, akarusha kutoka ubavuni kwa kiganja tu. Nzi akatua kama kachoka kuruka. Maji yakafunguka. Trauti! Madoa mekundu, tumbo la dhahabu, hasira tele. Fimbo ikapinda ikampisha, ikanyooka ikamrudisha, haikugombana naye hata kidogo. Mzee akalowesha mikono kwanza ndipo akamshika, akamwachia polepole mpaka akaondoka mwenyewe. Nilitaka kupiga makofi. Nikapiga. Akaniambia nishushe sauti ya mikono.

Bwawani Meno alitumbukia. Sikumsukuma. Naandika hivyo kwa sababu aliuliza.

Ziwani upepo ulikuwa mkali. Mimi na Meno tulirusha mara kadhaa, tukanasana, ikabidi tukae chini kufunguana. Mzee, na kile kifimbo chake, alikuwa anaupenyeza mshipi chini ya upepo kama anayepitisha barua chini ya mlango. Halafu nzi wake akakatika. Akatoa mwingine. Akajaribu kupitisha uzi, ukakataa. Akajaribu tena. Kisha akatugeuzia mgongo ili tusimwone, na mabega yake yakashuka. Hapo moyo uliniuma kwelikweli. Mtu aliyejenga madaraja, anashindwa na tundu! Sikuwa na mbinu yoyote. Nilikwenda tu, nikasema, "Lete, Baba." Uzi ukapita mara moja. Nikafunga fundo, nikalilowesha kwa mate kama nilivyomwona akifanya asubuhi, nikakaza.

Akanitazama. Kisha akanipa fimbo yake nirushe mimi.

Nikasoma maandishi juu ya mpini. Futi tisa, namba tano! Ileile! Akanieleza pole kwa pole kwamba namba kubwa ni za mishipi mizito na samaki wa kupigana nao. Trauti anataka fimbo inayopinda, inayoushusha mshipi kwa adabu, na kwa mtu mwenye fimbo moja tano ndiyo iko katikati ya mambo yote. Nikaitikia kwa kichwa, kwa unyenyekevu. Akanishika kiwiko, akasema nisubiri mshipi umalize safari yake nyuma kabla ya kuuleta mbele. Nikasubiri. Ukaenda! Uliruka kweli! Nikapata trauti mmoja, mdogo kama kalamu. Sijawahi kuona kiumbe mzuri vile. Nililia kidogo, upepo ukanisitiri.

Tukirudi, Mzee akatamka mbele ya Meno kwamba Jumamosi ijayo atakwenda na mimi. Alisema ni kwa ajili ya macho yangu na mkono uliotulia. Ni mstaarabu, hawezi kusema wazi. Najua ni ile kumi. Aliona nia.

Jumatatu, 10 Machi

Sijalala vizuri. Meno naye aliyasikia maelezo ya namba tano! Leo au kesho atakwenda dukani. Atainunua, atajifundisha, atampigia Mzee. Naijua hila nikiiona, nimekaa nayo miaka mingi.

Nikafika dukani kabla yake. Mama wa duka alifurahi mno niliporudisha kumi nikaomba tano. Alisema anapenda mtu anayejifunza. Zilikuwa zimebaki tatu, na mzigo mwingine hauji mpaka msimu uishe. Nikamwambia afunge zote tatu. Akauliza kama familia nzima inavua. Nikasema familia ndiyo hasa ninayoifikiria.

Nimezificha nyuma ya kabati la nguo. Mke wangu ameziona. Akauliza mtu mwenye mikono miwili anavuaje kwa fimbo tatu. Akili yake inapendeza, ila haiendi mbali.

Jumanne, 11 Machi

Mzee amepiga simu. Nimesimama kumsikiliza, ingawa haoni. Sauti yake ilikuwa na huzuni. Amekwenda dukani leo, kwa miguu, na jua lile! Alitaka kuninunulia namba tano kwa mkono wake. Zawadi! Hakuna mzee aliyewahi kunichagulia kitu. Lakini hakuikuta hata moja. Kaambiwa kuna mtu mmoja amekuja akazibeba zote tatu. Mzee anasema mtu wa namna hiyo ana ugonjwa. Nikamuunga mkono. Nikaongeza kwamba dunia imeharibika.

Kisha likaja pigo. Meno ameazima namba tano kwa mgonjwa wake. Mgonjwa! Wagonjwa sikuwa nimewafikiria kabisa! Kwa hiyo Mzee anasema ile kumi itanitesa bure, Jumamosi hii mimi nipumzike, aende na Meno, mpaka yangu ipatikane. Uzi watahangaika nao hivyohivyo. Akasema, "Pole, mwanangu." Nikasema si kitu, Baba. Ni kitu!

Mke wangu anasema nimpigie sasa hivi nimwambie nimepata fimbo, basi. Basi? Na ataniuliza nimeipata wapi. Nampenda sana mke wangu, lakini hana kipaji cha mambo haya.

Nimeshapanga. Kinyozi wangu hajulikani kwa Mzee. Kesho asubuhi atagonga mlango wake na kujitambulisha kama mchuuzi wa vifaa vya uvuvi anayepita tu. Mzee atanunua namba tano, atanizawadia kama moyo wake ulivyotaka, na Jumamosi inarudi kwangu. Hakuna atakayeumia isipokuwa Meno. Sioni pa kukosea. Kinyozi ameuliza apeleke ipi kati ya zile. Nimempa zote tatu, Baba achague mwenyewe.