Namna ya Kupenya Utando wa Mama Mkubwa

Jumatatu, 9 Juni

Baridi ya Iyunga leo si ya kuchezea. Nimevaa soksi mbilimbili na bado vidole sivisikii. Akili, hata hivyo, inachemka.

Sababu ni kipindi cha jioni. Mwalimu Joyness katufundisha utando wa seli. Niandike kabla sijasahau. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, tabaka mbili. Kila chembe ya mafuta hayo ina kichwa na mikia. Vichwa vinapenda maji, kwa hiyo vimetazama nje na ndani. Mikia inachukia maji, imejificha katikati, kama mimi na bafu mwezi huu. Halafu kwenye mafuta hayo zimepachikwa protini. Hizo ndizo milango na walinzi. Utando hauruhusu kila anayekuja. Oksijeni inapita bila kubisha hodi. Sukari mpaka ibebwe.

Wenzangu wakaandika huku wanapiga miayo. Mimi nikaiona nyumba ya Mama Mkubwa waziwazi.

Maana ukweli ni huu. Mimi fundi simu mzima, miaka thelathini na tatu, sikujiunga na darasa la jioni la kurudia mtihani wa kidato cha nne kwa ajili ya cheti. Nilijiunga kwa ajili ya Mwalimu Joyness. Anaishi kwa Tusajigwe, dada mkubwa wa mama yake, na mtaa mzima tunamwita Mama Mkubwa. Ukuta, geti, na yeye mwenyewe mlangoni kama protini. Tangu Januari nikifika naambiwa Joyness anasahihisha madaftari. Nasema haya, naondoka.

Leo nimepata habari mbaya. Clement, muuza pembejeo wa duka la mbele yangu, naye mwanafunzi, naye anakaa dawati la mbele kabisa, anataka kupeleka posa Jumapili hii. Yaani Clement! Mtu ananuka mbolea mpaka kwenye nywele.

Lazima nipenye kabla yake. Sayansi ninayo.

Jumanne, 10 Juni

Difyusheni. Chembe husambaa zenyewe kutoka zilipo nyingi kwenda zilipo chache. Hazihitaji nguvu wala ujasiri. Hiyo ndiyo njia yangu.

Nimejipulizia marashi nusu chupa, nikakaa nyuma kama kawaida, nikasubiri niwafikie wote na hasa yeye. Hesabu ilikuwa sahihi. Sikuhesabu dirisha. Upepo wa Mbeya ukaingia, ukabeba marashi yangu yote, ukayamwaga kwa Clement. Mwalimu Joyness akapita karibu naye, akasimama, akamwambia leo unanukia vizuri sana. Clement akasema asante mwalimu, nimeoga tu.

Jirani yangu alikohoa kipindi kizima, akahama dawati. Mwishoni mwalimu akauliza kama kuna mwenye swali. Akatazama hadi huku nyuma, akangoja kidogo. Nilikuwa nalo. Nikaangalia chini.

Kazi ya nyumbani ni osmosisi. Tukate viazi, tuviloweke, tuone maji yanaingia au yanatoka. Hapo nikapata wazo lingine kubwa zaidi.

Jumatano, 11 Juni

Wazo lilikuwa hivi. Mama Mkubwa anapenda viazi. Sokoni siku hizi viazi ni vidogo. Mimi nitampelekea viazi vilivyonenepa kwa osmosisi, aone kwamba nyumba yake imepata mkwe mwenye shamba. Shamba sina, lakini hilo ni la baadaye.

Mwalimu alisema maji hufuata chumvi. Mimi nikaona njia ya mkato. Nikiweka chumvi nyingi kwenye ndoo, maji yatachangamka yaingie kwenye viazi kwa fujo. Nikamimina pakiti nzima, nikalala usingizi mnono.

Asubuhi nimekuta maafa. Viazi vimelegea kama soksi zangu. Ukikiinua kimoja kinapinda. Nimekaa kitandani na daftari nikalitafakari jambo hili hadi chai ikapoa. Chumvi ilikuwa nje. Basi maji yametoka ndani ya viazi kuifuata nje. Ningeloweka kwenye maji matupu yangeingia ndani. Ndivyo alivyosema mwalimu. Sijui kwa nini hakusema kwa mkazo.

Muda wa kununua vingine sikuwa nao. Nikavifunika kwa kitenge kizuri, nikavipeleka. Mama Mkubwa akafunua. Akakibonyeza kimoja, kikabaki na alama ya kidole. Akaniuliza kwa upole viazi hivi vimevunwa mwaka gani. Nikajibu ni mbegu mpya. Akasema ndaga fijo, asante sana baba, Joyness anasahihisha madaftari.

Alhamisi, 12 Juni

Nilikuwa mpumbavu kutaka kupita mwenyewe. Leo mwalimu kaeleza kwamba vitu vyenye hadhi, kama sukari, havijipenyezi. Protini ya kubeba huvipokea upande huu, hujigeuza, huviachia upande wa pili. Kila protini na mzigo wake.

Karibu nisimame nipige makofi. Hiyo ni mshenga! Wazee wetu walikuwa na sayansi hii muda mrefu. Mtu mwenye heshima zake haendi kujisemea kwa wenyewe kama anauza nyanya. Anatuma mtu.

Jioni hiyohiyo nimekwenda kwa Mzee Saulo, mstaafu wa reli, mwenye suti ya kahawia na ulimi laini. Nusu ya ndoa za hapa Iyunga kaziombea yeye. Kila geti linamfungukia. Nimemweleza. Akafunga macho, akaitikia kwa kichwa, akasema Jumapili baada ya ibada ataingia. Nimerudi nyumbani naimba.

Ijumaa, 13 Juni

Msaliti. Nimepita kwenye banda la kitimoto, nani namwona? Mzee Saulo, kitambaa shingoni, anatafuna. Mbele yake nani anamwongezea ndizi za kuchoma? Clement.

Nimemvuta mzee pembeni. Hakuona haya hata kidogo. Akasema ndiyo, Clement alinitangulia. Akasema ataingia na suti moja na majina mawili, wenye nyumba wachague, hiyo ndiyo haki. Nikamuuliza atataja nani kwanza. Akasema hilo litategemea moyo utakavyomtuma, na macho yake yakarudi kwenye sahani.

Nimefungua kitabu. Kipo kila kitu! Mizigo miwili inayofanana ikiigombea protini moja, ule ulio mwingi zaidi ndio hubebwa zaidi. Basi dawa ni mimi kuwa mwingi. Nimemwagizia sahani ya pili. Clement akaagiza ya tatu.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nimempelekea Mzee Saulo supu na chapati. Nimekuta vyombo vya Clement mezani, mihogo na chai ya maziwa, vitupu. Nikasubiri ale na supu. Akala.

Mchana Clement akaleta wali na kuku. Mimi nikaleta ndizi na nyama, zile za nazi, alizopika dada yangu Anjela huku akiniuliza mgonjwa ni nani. Saa kumi nikaleta mtindi. Jioni Clement akaja na kitimoto tena. Tumekutana mlangoni, hatukusalimiana. Mzee alikuwa kalegeza mkanda, anajibu kwa kunyanyua vidole tu. Mimi nimetoka wa mwisho. Naamini moyo wake uko upande wangu.

Jumapili, 15 Juni

Nina goti bovu na ninaandika nimelala. Nianze mwanzo.

Mzee Saulo hakuonekana kanisani. Nimekimbia kwake. Yupo kitandani, kageukia ukutani, tumbo kama ngoma, suti inaning'inia msumarini. Clement alikuwa keshafika na andazi. Mke wa mzee akatutoa wote wawili kwa ufagio, akasema tukirudi na chakula kingine atamwambia mchungaji.

Nimefungua kitabu barazani pangu. Ukurasa unaofuata unasema protini zikijaa mizigo, hata uongeze nini nje, kasi haizidi. Ukurasa huo sikuwa nimeusoma.

Ikabaki njia moja. Usafirishaji amilifu. Kupita kwa nguvu, kutoka penye wachache kwenda penye wengi, dhidi ya kila kitu, kwa kuchoma nishati. Nikakoroga kopo zima la glukosi nikanywa. Nikaazima ngazi ya jirani. Mpango ulikuwa niruke ukuta kwa nyuma, nitokee uani kwa unyenyekevu, nijieleze mwenyewe. Naweza kusema niliogopa kuliko siku ya mtihani.

Ngazi ilitosha kupanda. Kushuka sikukuwazia. Nikaangukia tuta la mboga za chainizi. Nikainua kichwa. Akina mama wa kanisa, uani kote, vitenge vya sare, wamefumba macho wanaomba. Mmoja akasema Amina kabla ya wakati.

Na geti lilikuwa wazi. Wazi kabisa, limeegemezwa tofali. Clement alikuwa kaingia kwa miguu yake na mfuko wa mbolea wa zawadi, kaambiwa auweke pale, akashukuriwa, akaondoka.

Mwalimu Joyness kanifunga goti kwa mkono wake. Akaniuliza nilikuwa nataka nini. Nilikuwa na nafasi hapo. Harufu ya spiriti, mkono wake gotini, chainizi kwenye nywele zangu. Nikasema natafuta simu ya mteja.

Jumanne, 17 Juni

Joyness anaondoka. Katangaza darasani kabla hata ya kufungua kitabu. Kapata uhamisho, anarudi kwao Kalenga, Iringa, karibu na wazazi. Anaondoka Alhamisi.

Clement aliuliza kama uhamisho unaweza kukatiwa rufaa. Sikumcheka. Niliumia sana. Kipindi kikaendelea. Ilikuwa jinsi seli inavyotoa vitu: kifuko kinasogea, kinaungana na utando, kilichomo kinatoka nje. Wiki nzima nimewaza kuingia. Kutoka sikukuwaza kabisa.

Akauliza kama kuna swali. Akatazama nyuma. Nikatikisa kichwa.

Alhamisi, 19 Juni

Leo nimeingia. Kwa mlango. Mama Mkubwa mwenyewe kaja kibandani kwangu, kasema friji ya Joyness nzito na mimi nina mgongo wa kuibeba. Nimepita getini kama oksijeni.

Nimebeba friji, kitanda, maboksi ya vitabu. Kanipa chai na maandazi. Nikapata ujasiri nikamwambia Mama Mkubwa kwamba geti lake ni gumu. Akashangaa. Akasema kila nilipokuja aliniambia Joyness anasahihisha madaftari kwa sababu alikuwa anasahihisha madaftari. Akasema alikuwa akigeuka avute kiti, na akirudi kunitazama nimeshapotea. Alidhani nina haraka.

Sikuweza kuimaliza chai.

Joyness akanifuata kwenye gari la mizigo. Akasema tangu Januari aliniona pale nyuma. Kila akiuliza kama kuna swali, alikuwa ananingoja mimi. Akasema ningemwomba tukanywe chai, angekuja, wala hakuhitaji viazi. Nikamuuliza viazi kaambiwa na nani. Akacheka mpaka akashika bodi ya gari.

Halafu akaacha kucheka. Akasema haniahidi kitu. Akachukua simu yangu, akaandika namba yake mpya, akajibipu ili naye abaki na yangu. Akasema nimpigie. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nisimtume mtu. Hata kama ni kuuliza swali la osmosisi tu.

Gari likaondoka. Nimesimama barabarani hadi Clement akanipa kiti. Nikakaa, namba sikumwonyesha. Huyu ndiye mwanamke wangu, nami sasa najua la kufanya.

Jumamosi, 21 Juni

Siku mbili hizi nimefikiri kwa kina na nimekua. Makosa yangu nimeyaona yote. Viazi, chumvi. Ngazi, moja. Mshenga, mlafi.

Kumpigia ghafla tu ni jambo zito. Amelelewa vizuri, na watu wa Iringa wana taratibu zao. Nimekwenda kumwomba radhi Mzee Saulo, ambaye sasa anakula uji tu, akanielekeza kwa rafiki yake Mzee Danieli. Alifanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo, kastaafu, kajenga Kalenga palepale. Hali nyama na hajulikani kwa Clement. Nimezungumza naye kwa simu asubuhi, nikamsalimu kamwene kwa lafudhi nzuri ya Kihehe, akafurahi. Nimempa namba ya Joyness. Kesho baada ya ibada atampigia, amweleze kwamba kuna kijana wa Mbeya anataka kumpigia.

Nimekaa na amani ambayo sijaipata tangu Januari.

Saa moja jioni simu yangu imeita. Jina likatokea: Joyness. Ikaita mpaka ikakatika, ikaita tena. Sikupokea. Nisije nikamharibia Mzee Danieli kazi.