Marehemu wa Tarehe 30 Februari

Jumatatu, 26 Februari 2024
Vita imetangazwa. Bi Severa, bosi wetu, kasema mfumo wa kompyuta wa chama cha kuzikana cha wazee wa Kariakoo unaanza kazi Ijumaa. Mwanachama akifariki, wenzake wote wanapata ujumbe kwenye simu. Atakayegundua kosa kubwa kuliko yote la tarehe ndiye atakuwa mkuu wa majaribio. Tuko wawili tu, mimi na Caroline. Caroline ana daftari. Mimi nina akili.

Jumanne, 27 Februari
Caroline makosa manne, mimi sifuri. Aliitaka kompyuta iongeze mwezi mmoja kwenye tarehe 31 Januari. Ikampa tarehe 2 Machi! Februari nzima imerukwa. Kisha akagundua kuwa lugha hii ya programu inahesabu miezi kuanzia sifuri, kwa hiyo ukiiandikia mwezi wa pili, yenyewe inaelewa Machi. Bi Severa akampongeza mbele ya watu. Mimi nilikuwa nakunywa chai. Ikanipalia.

Alhamisi, 29 Februari
Siku hii huja mara moja kwa miaka minne, na leo kila mtu anaijaribu. Mimi nikaenda mbele zaidi. 30 Februari! Siku isiyokuwepo.
Nilihitaji marehemu. Caroline hutumia majina ya kubuni, ndiyo maana makosa yake hayana uzito. Nikamwandika Mzee Abdulswamad, mwenye nyumba wangu, naye ni mwanachama. Ana miaka sabini na sita na afya ya kunishinda. Sikumtakia baya. Mtu atakufaje siku ambayo haipo?
Kompyuta ilitakiwa ikatae. Ikapokea! Bila hata kulalamika!
Jioni Bi Severa akaagiza tufute majina yote ya majaribio, maana namba za simu za wanachama zimeshaingizwa. Nikasema nimefuta. Sikufuta. Caroline angeliona kosa hilo angesema ni lake. Kesho saa tatu asubuhi nitalifichua mwenyewe, mbele ya wote.

Ijumaa, 1 Machi
Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.
Kompyuta haikuikataa tarehe 30 Februari. Iliisogeza mbele. Februari mwaka huu ina siku ishirini na tisa, kwa hiyo siku ya thelathini ikawa leo. Saa kumi na mbili asubuhi watu mia mbili na kumi na wawili wakapata ujumbe kuwa Mzee Abdulswamad amefariki.
Nilipotoka kuoga nikakuta wanaume wanashusha turubai. Wengine wameleta jeneza la msikiti. Bi Maimuna, mke wa mzee, alisimama mlangoni na ufagio, anauliza nani kafa. Hakuna aliyethubutu kumjibu. Mzee mwenyewe alikuwa ametoka kununua maandazi, simu kaiacha kwenye chaji.
Kisha akaja mzee mmoja mwembamba, katembea kwa miguu kutoka Mchikichini. Kavaa viatu viwili tofauti. Mimi simjui. Bi Maimuna akamjua: ni Mbaruku, mdogo wake mzee, muuza viatu vya mitumba. Hawajasemeshana miaka tisa, tangu wagombanie nyumba ya mama yao. Akaketi barazani, akalia kwa sauti. Anasema kila Idi alikuwa akifika mpaka kona ya mtaa, halafu anarudi.
Mzee Abdulswamad akatokea na mfuko wa maandazi. Watu wakarudi nyuma. Akamtazama mdogo wake.
"Mbaruku, nani kafa?"
"Wewe, kaka."
Mzee hakucheka. Aliuweka mfuko chini, akamwinua, wakashikana hivyo hivyo. Wenye jeneza wakalitua chini.
Nilitaka kusema ni mimi. Nikarudi ndani na ndoo yangu.

Jumamosi, 2 Machi
Nimeungama. Shikamoo ilinitoka mara mbili. Mzee akaitikia marahaba mara moja tu. Akasikiliza mpaka mwisho, habari yote ya Februari.
"Mwanangu," akasema, "mke wangu alisimama pale hajui kama ni mjane au la. Hilo siwezi kukusamehe leo. Rudi wiki ijayo."
Nikaondoka nimeinamisha kichwa. Ndani nilimsikia Mbaruku akimuuliza shemeji yake sukari iko wapi.

Jumatatu, 4 Machi
Caroline ndiye mkuu wa majaribio. Hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi. Bi Severa hakunifukuza. Kanihamishia mfumo wa ukumbi wa harusi, ule unaotuma kadi za mwaliko kwenye simu za watu. Kaniambia nikae nitafakari nilichokosea.
Nimetafakari siku nzima, kwa moyo mzito. Nimeona. Kosa langu lilikuwa kuandika tarehe.
Kwa hiyo leo, kwenye mfumo huo, nimemwozesha Bi Severa kwa Polycarp, mlinzi wetu wa getini, na nafasi ya tarehe nimeiacha tupu. Harusi isiyo na tarehe haiwezi kumfikia mtu.