Ombi la Kuing'oa Draiva Iliyoifanya Diski Ionekane

Ndugu Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Mimi ni msimamizi wa dirisha la hati za viwanja, ghorofa ya chini, mkabala na choo cha wageni. Naandika kwa heshima zote, ingawa nina hasira.

Wiki iliyopita fundi wako alikuja bila kuitwa, akaweka ile programu ndogo mnayoiita draiva, inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kidhibiti cha diski. Kabla ya hapo kompyuta yetu ilikuwa haiioni kabisa diski yenye hati zote za mji. Fundi alidhani ni hitilafu. Ndugu, ule ulikuwa utaratibu wa ofisi. Tazama madhara yake:

1. Wananchi wanahudumiwa. Barabara inapanuliwa, na asiye na hati nyumba yake inavunjwa, kwa hiyo foleni ni ndefu. Zamani tuliwaambia diski haionekani, njooni wiki ijayo, na siku ikaisha salama. Sasa kutwa tuko wima.

2. Bibi mmoja mjane, mteja wetu wa miaka mingi, alipata hati yake kabla hajaketi. Badala ya kushukuru, akauliza kama siku zote ilikuwa humo humo. Swali la namna hiyo mtumishi wa umma analijibu vipi? Nilijifanya natafuta mhuri.

3. Kiwanja kimoja kimeonekana kina wamiliki watatu, na hati zote tatu zimesainiwa na bosi wetu. Diski ilipokuwa haionekani, wote watatu walikuwa na matumaini na bosi alikuwa na usingizi. Draiva gani hii isiyojua kuwastahi wakubwa?

4. Vijana wangu wa dirishani wamechanganyikiwa. Mmoja ameanza hata kusalimia watu.

Kwa hiyo naomba draiva hiyo ing'olewe leo hii, na fundi wako apewe onyo la maandishi. Ikishindikana, basi iwe inaiona diski siku za ukaguzi tu.

Wasalimie wote hapo kitengoni, hata huyo fundi mwenye kiherehere.

Ni mimi, mlinzi wa utaratibu,
Msimamizi wa Dirisha la Hati

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mke wangu amepiga simu analia. Mtambo wa kubomoa umesimama mbele ya nyumba yetu na wanataka hati. Asubuhi alipanga foleni hapa dirishani kama mtu yeyote, nami niko ndani naandika barua hii. Kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe hakumjua, akamwambia diski haionekani, aje wiki ijayo. Diski inaonekana, Ndugu, ni mazoea tu. Draiva usiiguse, na yule fundi mtume aje mbio. Vijana wote wametoka kwenda kunywa chai, na mimi kompyuta ile sijawahi kujifunza kuitumia. Sikuwahi kuwa na haja nayo.