Matawi Kumi na Moja ya Babu

Alhamisi, 14 Machi

Bibi Notburga katangaza mezani huku anakata mkate: atakayefunga mizabibu vizuri zaidi ndiye atakayekabidhiwa mstari wa Babu. Babu aliupanda mwenyewe. Tangu azikwe, Bibi hajaruhusu mkono mwingine uuguse. Sasa mimi na binamu yangu Veit tumegawiwa nusu kwa nusu, mizabibu ishirini kila mtu. Kila mzabibu umepogolewa, ukabakiziwa tawi moja refu. Unalikunja taratibu, unalifunga kwenye waya. Bibi kaonya tusubiri mvua, tawi kavu halikunjiki. Veit kaitikia kwa sauti, "Sawa, Bibi!" Mimi nilitaka kusema kwamba nautaka mstari ule kuliko kitu chochote duniani.

Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 15 Machi

Mpango! Veit asubiri mvua yake. Mimi nimalize wa kwanza, kazi inisemee. Upepo mkavu wa mlimani, jua zuri, mikono imechangamka. Tawi la kwanza likakunjika. La pili: kah! Nikasema bahati mbaya. La tatu: kah! Mpaka nafika mwisho yamevunjika kumi na moja. Kwa nini sikuacha? Nilidhani linalofuata litanihurumia.

Nimeyaunga kwa utepe wa gundi wa kahawia. Ukiwa mbali hayajambo.

Jumamosi, 16 Machi

Utomvu unachuruzika kwenye nyufa, tone kwa tone. Veit kapita, kaniuliza nimeitukana nini mizabibu mbona inalia. Halafu kauona utepe. Kacheka mpaka kakaa chini: "We Lenz, umefungua zahanati?" Kisha kainuka. Kanisihi nikamwambie Bibi kabla hajajionea.

Nikaenda. Nikasimama mlangoni pa jiko. Huku kwetu kaskazini mwa Italia, nyumbani ni Kijerumani, shuleni nafundishwa Kiitaliano. Lugha mbili za kuombea radhi, haikutoka hata moja. Bibi kanipa viazi nimenye. Nikamenya.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua ilinyesha jana kutwa. Leo Veit kafunga yake ishirini. Halikuvunjika hata moja.

Bibi kaja kukagua. Kabandua utepe wangu kwa ukucha, mmoja mmoja, mara kumi na moja. Hapo ningeweza kusema. Nilitazama viatu. Mwishowe kaniambia matawi huvunjika, hata Babu alivunja mengi. "Kilichoniuma ni huu utepe, mjukuu wangu."

Mstari kapewa Veit. Hakuringa. Bora angeringa.

Jumanne, 19 Machi

Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Bibi kanionea huruma: kanipa mzabibu mmoja nyuma ya nyumba, bado haujafungwa, uwe wangu peke yangu. Karudia mara mbili: upepo umeshaukausha, nisiguse mpaka inyeshe tena. Nikaapa.

Wote wamekwenda kanisani. Nimesema kichwa kinauma. Birika linachemka sasa hivi. Tawi likimwagiwa maji moto lazima lilainike, na Bibi akirudi atalikuta limeshafungwa, ashangae.

Utepe upo, ikibidi.