Mwizi wa Upepo

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, unisamehe. Nimekuacha chini ya godoro kama mgonjwa asiye na ndugu. Bwana Mdogo anaota meno, na mtoto akiota meno, nyumba nzima hailali. Lakini leo lazima niandike. Kuna mtu ananiibia upepo.

Ndiyo, upepo. Wa tairi. Baba Mtoto, ambaye kazi imempeleka mbali, alinitumia sensa mbili za pikipiki. Zimekaa kama vifuniko vya chupa ya dawa. Unazifunga kwenye valvu, pale pa kujazia upepo, halafu kioo kidogo karibu na usukani kinakuonyesha tairi lina upepo kiasi gani. Kabla ya kioo nilikuwa na amani. Sasa kila asubuhi naona tairi la nyuma limepungua! La mbele nalo, kidogo.

Si mchezo huu. Pikipiki ndiyo inayobeba mayai yangu kila Jumamosi kwenda kwa mpishi wa shule. Wiki iliyopita tairi lilinilaza njiani, trei nzima ikawa uji. Baba Mtoto kasema kwenye simu, kwa ule upole wake unaoniudhi, kwamba nikikwama tena Jumamosi, pikipiki itahamia kwa dada yake, maana yeye ni mtu mtulivu.

Dada yake. Wifi yangu. Tunakaa ua mmoja, mlango kwa mlango. Mtulivu! Mtu anayetabasamu huku anafua mashuka, huyo ana jambo.

Jumanne, 4 Machi

Mtego tayari. Nimefunga kamba kwenye valvu ya nyuma, nikaipitisha dirishani, nikaifunga kwenye kifuniko cha sufuria. Atakayegusa, kifuniko kitalia. Nimeikaza hasa, mpaka valvu ikainama kama mtu anayechungulia. Safi sana.

Na kukagua nakagua mwenyewe. Hicho kioo nacho sikiamini. Nafungua sensa, nabonyeza valvu kwa ukucha, nasikia psss, naridhika kwamba upepo upo, nafunga. Leo nimekagua kabla ya chai, baada ya chai, baada ya kumwogesha mtoto, na kila wifi alipokwenda msalani. Jioni kioo kikasema upepo umeshuka kuliko jana. Mwizi hana hata haya! Na mimi nimesimama pale pale!

Mchana kifuniko kililia. Nikatoka mbio na mapovu mikononi. Alikuwa Bwana Mdogo, ameing'ang'ania kamba kwa nguvu zake zote, anacheka na jino lake moja. Nikambusu, nikamnyang'anya, akalia, nikambeba mpaka akalala. Lakini najiuliza: nani kamfundisha kuvuta? Asubuhi alikuwa kwa shangazi yake.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa Fundi Sawasawa, anayeziba matairi pale kona. Tunamwita hivyo kwa sababu hata ukimwambia nyumba yake inaungua, atajibu sawasawa. Kapaka maji ya sabuni kwenye shina la valvu ya nyuma. Mapovu yakachemka. Kasema valvu hizi ni za mpira, na sensa ni nzito. Gurudumu likizunguka kasi, sensa inazivuta huku na huku, mpira unapasuka. Dawa yake ni valvu za chuma, za kukaza kwa nati. Kisha akauliza nani amekuwa akiivuta hii, mbona ina alama ya kamba.

Nikaruka! Nikamwambia huyo ndiye ninayemtafuta, anisaidie tu kukisia kama ni mrefu au mfupi. Akaweka chini kopo lake la sabuni. Kasema, mama, nenda kapumzike.

Akataka kung'oa tairi apime tundu la rimu, pale valvu inapopita, eti matundu yapo membamba na mapana, na valvu isiyolingana na tundu haikai. Nikakataa katakata. Jana si nilimwona wifi hapa hapa kibandani, wanacheka na huyu fundi mpaka wifi anajishika mbavu? Akipima yeye, kipimo kitamfikia wifi kabla yangu. Nimepima mwenyewe nyumbani. Nimezungusha uzi kwenye mpira wa valvu, pale chini ulipotuna, nikaukata. Sasa kipimo ninacho mimi peke yangu.

Alhamisi, 6 Machi

Duka la vipuri. Muuzaji ana kalamu sikioni na sura ya kujua mambo. Nikampa uzi wangu. Akauliza huu ni wa tundu au wa mpira, maana mpira hutuna nje ya tundu. Maneno yale yale ya fundi. Tundu, tundu! Wamepanga hawa.

Akashauri nichukue fupi zilizopinda, ili sensa isigonge breki na pampu iingie vizuri. Naam! Fupi, imepinda, imejificha, mwizi afanye kazi yake kwa raha. Nikachagua nene, ndefu, zilizonyooka, zinang'aa kama meno ya dhahabu. Akasema, dada, utarudi. Nikasema, kaka, tutaona.

Muda wote huo wifi alikuwa amenishikia mtoto. Hata kucha kamkata. Bila kuombwa!

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Nimerudi kwa Fundi Sawasawa, maana mwenye vifaa ni yeye tu, nikamsimamia kama askari. Wifi naye akaja, eti anibebee mtoto. Fundi aliomba aone valvu zangu kwanza. Nikamwambia afanye kazi. Akang'oa za zamani, zikamkatikia mkononi kama biskuti iliyolowa. Zangu hazikuingia. Nene mno! Akaishika moja karibu na gurudumu la mbele kunionyesha kwamba hata ingeingia, ingegonga breki kila mzunguko. Hakucheka. Heri angecheka. Hata sawasawa hakusema.

Mayai ni kesho asubuhi. Pikipiki imekalia rimu. Nikakaa juu ya tofali nikalia kidogo. Bwana Mdogo, aliyekuwa amerudishwa mapajani mwangu, akanitazama, naye akaanza, kwa kunisaidia.

Nilipoinua kichwa, wifi hayupo. Kumbe kamwambia fundi apime tundu, kakimbia dukani na ndala moja imekatika, kamkuta muuzaji anashusha mlango. Karudi anahema. Valvu mbili za chuma, fupi, zimepinda. Zikaingia kama zilizaliwa humo.

Nikamuuliza kwa ukali kwa nini anaitafuta pikipiki yangu. Akasema, wifi yangu, mimi kile kitu hata kukikalia naogopa, nataka tu wewe urudi nyumbani na miguu yote miwili. Na kule kucheka kwa fundi? Alikwenda kumuuliza kama tairi litanidhuru, akajikuta anamsimulia jinsi nilivyoifunga pikipiki kwenye kifuniko cha sufuria. Nikamkumbatia, tukamminya mtoto katikati.

Jumamosi, 8 Machi

Mayai yamefika. Halijapasuka hata moja! Mpishi ataagiza kwangu muhula mzima. Baba Mtoto kasema pikipiki inabaki kwangu, na kwamba alijua tu nitaweza. Alijua! Sawa, baba.

Jumapili, 9 Machi

Upepo haujashuka. Hata kidogo. Tangu juzi!

Hapa ndipo mwenye akili zake anapoanza kuogopa. Mwizi haachi kazi hivi hivi. Anajipanga. Na mtu anayeogopa pikipiki, mbona anaelewa haraka hivyo habari za tundu? Nimewaza sana wakati namnyonyesha mtoto. Sina ubaya na wifi. Nilipomkumbatia, nilimaanisha. Lakini pikipiki nayo naipenda.

Nimemwandikia Baba Mtoto vitu vinavyohitajika bado, avitume upesi. Dawa ya kupaka fizi, ile ya kichupa cha bluu, si ya kijani. Kufuli mbili ndogo za kufungia valvu. Kama hazipo duniani, atafute mtu azitengeneze. Sensa nyingine mbili, za kuchunguza kama hizi za kwanza zinasema kweli. Trei za mayai za plastiki. Soksi za mtoto. Na viatu vya wifi, saizi thelathini na nane, vyeusi, vizuri kabisa, zawadi kutoka kwangu, amestahili. Ila viwe na kisigino kigumu, kile kinacholia ko-ko-ko, nimsikie kila anapopita karibu na pikipiki.