Kutozidi Si Kuzidiwa

Mwembesongo, Morogoro
11 Novemba 1998

Kwa Mjomba Mwinjuma, Kinole.

Shikamoo, Mjomba. Kuna jambo sijapata kumwambia mtu yeyote. Juzi ulipotutembelea ukaniuliza mbele ya wote, "Raya, umemzidi Halidi?" nami nikajibu hapana, nilijua kwamba swali lako lina kasoro. Wewe ukasema, "Basi mwakani Halidi ataendelea na shule, Raya atarudi Kinole kuchuma karafuu. Siku hizi ni soko huria, mwanangu. Anayezidi ndiye anayeuza." Kwa heshima zote nalalamika kama ifuatavyo:

1. Mwalimu Jesca ametufundisha kulinganisha namba kwa kompyuta ya shule. Alama ya > huuliza jambo moja tu: je, cha kushoto kinazidi cha kulia? Mimi nina wastani wa 71. Halidi, mtoto wa mama mkubwa, naye ana 71. Kompyuta ikiulizwa kama 71 > 71, hujibu si kweli. Ukitugeuza, Halidi akakaa kushoto, hujibu vilevile. Kutozidi si kuzidiwa. Wewe uliuliza upande mmoja tu, kisha ukanawa mikono ukala.

2. Ipo alama ya >=, yaani anazidi au analingana. Ungeitumia hiyo, ningebaki shule. Halidi naye angebaki, na karafuu zingetafuta mtu mwingine. Nadhani ndiyo sababu watu wazima hawaipendi.

3. Kwa alama yako, hata wewe humzidi Mjomba Mwinjuma. Nimejaribu: Mwinjuma > Mwinjuma, si kweli. Ingekupasa uache ujomba ukachume karafuu, jambo ambalo sikuombei kwa umri wako.

4. Kwa hiyo naomba alama ya > ipigwe marufuku katika ukoo wetu wote, tangu kugawa mapaja ya kuku hadi kuchagua wachumba.

Nisalimie Bibi, Mama, na wote wanaoniulizia. Wasioniulizia pia wasalimie, kwa kiasi kilekile.

Mpwa wako mtiifu,
Raya

Nyongeza: Leo Mwalimu Jesca amesahihisha jumla. Sasa nina wastani wa 72, Halidi 71. Tafadhali usiisome barua hii. Alama ya > ni nzuri sana, iache kama ilivyo.

Halidi ndiye atakayekuletea barua hii Kinole Jumamosi, kwa hiyo nimempa aisome kwanza. Ameisoma yote, kisha ameniomba karatasi na kalamu.