Chatu wa Mfereji Wetu

Jumapili, 3 Desemba 1995

Sijamwambia mtu yeyote. Mfereji wa baba nimeuziba mimi. Leo, wengine wakiwa kanisani. Nilisema tumbo linaniuma, kisha nikaburuta magunia ya udongo wa mfinyanzi juani. Sasa tumbo linaniuma kweli.

Sababu ninayo. Zamani bonde letu lilikuwa kinamasi cha mafunjo na bibi alifuma majamvi. Baba akachimba mfereji, akalikausha, akapanda mahindi. Mwanzoni yalistawi. Halafu ule udongo mweusi wa majani yaliyooza ukaanza kunywea, na kiangazi hiki uliwaka moto chini kwa chini hadi ndama akaungua kwato. Baada ya Krismasi baba atampa Mjomba Kalisti, mdogo wake mama, bonde lote aoshee mchanga wa dhahabu kwa zebaki. Akiingia yeye, basi tena.

Maji yakirudi, mafunjo yatarudi. Gulnaz, mama yake Riyaz, mwenye duka pale Geita, analalamika kwamba watu wanaojenga wanataka majamvi ya dari na hayapatikani. Ilitakiwa niseme: Mama Riyaz, nitayafuma mimi. Nikanunua kiberiti nikaondoka.

Kumwomba baba nimeshajaribu. Nilimwandalia maji ya kuoga, nikasimama, nikamuuliza kama yana joto la kutosha.

Jumanne, 5 Desemba

Maji yamefika kwenye kifundo cha mguu! Nimechimba miche ya mafunjo na mizizi yake mtoni nikaificha ndani ya mzigo wa kuni. Mama akauliza kuni gani hizi zinazochuruzika. Nikasema mbichi. Akasema kweli shule imenisaidia.

Nimepanda. Vyura wamerudi. Sijui walikuwa wapi miaka yote hii. Labda nao walikuwa wanaona aibu kusema.

Jioni baba kagundua maji. Mjomba Kalisti akasema hiyo si mvua, shemeji, hapo kuna chatu kajilaza mferejini. Baba akanigeukia: haya, Mbuke, wewe mwenye kidato cha nne, inawezekana? Nikaitikia kwa kichwa.

Kuanzia saa hiyo tuna chatu.

Alhamisi, 7 Desemba

Baba kawaita Bayeye, wale wa ngoma ya nyoka. Wamekuja na filimbi, kijiji kizima nyuma yao. Kiongozi wao, Mzee Nkwabi, akashuka mferejini akiimba, akapanda na chatu mnene ajabu. Vigelegele! Chatu huyo nilimwona asubuhi, amelala kwenye kapu la Mzee Nkwabi. Nimuumbue vipi? Angeuliza nani kaweka magunia. Tulitazamana kidogo. Akaangalia pembeni. Nami pia.

Wakacheza juu ya miche yangu hadi alasiri. Hakuna uliobaki umesimama.

Kisha pigo lenyewe. Mjomba Kalisti akayachota maji kwa viganja, akapiga kelele: shemeji, usiyatoe haya! Kumbe huko kwenye maduara yake, mashimo ya dhahabu, kilichokuwa kinamkwamisha ni kukosa maji tu. Hasubiri Krismasi tena. Jumatatu analeta vijana wake.

Mimi ndiye niliyemwekea maji. Sikula.

Jumamosi, 9 Desemba

Leo niliamua kusema. Nikampelekea baba chai, Mjomba akiwepo. Nikapiga goti. Nilikuwa nimejipanga: baba, naomba bonde, nipande mafunjo, nifume. Mdomo ukafunguka, ukasema: baba, nimemwona chatu jike, anamtafuta mumewe.

Uongo hunitoka bila haya, lakini kile ninachokitaka hasa hakitoki. Hili nitalifikiria siku nyingine.

Mjomba akacheka, akasema mtoto huyu ananitania mjomba wake. Hakuna aliyecheka naye. Akaweka kikombe chini. Kisha akasema amekumbuka kijito kizuri upande wa pili wa kilima, tena karibu zaidi.

Baba akatangaza: bondeni asikanyage mtu, isipokuwa Bayeye.

Jumapili, 17 Desemba

Yamechipua! Mizizi ilikuwa hai ndani ya tope muda wote huu. Kutoka kwenye kichuguu naona ncha za kijani, na korongo mmoja anatembea katikati yake kama mwenye shamba. Bonde limepona. Na mimi siruhusiwi kuligusa.

Ningeweza kumweleza baba ukweli. Siku hizi ana moyo mwepesi. Jana aliniuliza kwa nini mimi ni mkimya hivi, akasubiri jibu muda mrefu. Nikamuuliza kama anataka maji ya kunywa.

Nimefikiri sana, na nimepata njia rahisi zaidi. Nitajiunga na Bayeye. Wao wanaruhusiwa kuingia! Mzee Nkwabi hawezi kunikataa, nikimkumbusha kapu lake. Kesho naenda. Nasikia mwanachama mpya huanza kwa kuvalishwa nyoka shingoni. Mimi hukimbia hata mjusi.

Wewe unayesoma hapa, nakusihi, baba asijue. Na Mzee Nkwabi asijue kwamba naogopa.